Sufuria Iliyolazwa Mapema

"Sumu yenyewe hiyo hapo, afande. Unatafuta nini tena?"

Nahodha alielekeza kidole kwenye pakiti nyekundu iliyokuwa nyuma ya debe la mafuta ya kupikia. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umeshika tumbo, na midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetoka kwenye homa.

Mpelelezi aliinama akaitazama. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, iliyowafanya watu wamsogelee ili wamsikie. Aliivuta ile pakiti kwa ncha ya kalamu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa sumu ya panya kweli. Lakini ilikuwa imefungwa kama ilivyotoka kiwandani, na vumbi lililoifunika lilikuwa laini, halina hata alama ya kidole.

"Haijafunguliwa," alisema.

"Labda mpishi alikuwa nazo mbili."

"Labda. Na labda panya wa boti hili wana bahati kuliko mabaharia wake."

Boti lilikuwa limefungwa gatini tangu jana. Kazi yake ilikuwa kusukuma matishari ya saruji, zile mashua bapa za mizigo, mto kupanda na mto kushuka, na wafanyakazi wake waliishi humo humo. Jiko lilikuwa chumba chembamba, mpishi akisimama katikati anafika kila mahali bila kuinua mguu. Jana mchana, baada tu ya chakula, mabaharia walianza kutapika mmoja baada ya mwingine. Nahodha mwenyewe alikuwa kwenye usukani tumbo lilipomkata. Aliinama, boti likayumba, tishari la mbele likavuta kamba, na ile kamba ikamnasa mguu baharia waliyemwita Twiga kwa urefu wake. Sasa Twiga alikuwa hospitali. Mpishi alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya vyakula kwa amri ya nahodha, akingoja kupelekwa kituoni.

"Sisi tumekula, yeye hakula," alisema nahodha. "Hilo tu linatosha."

"Mpishi hula mwisho. Hata nyumbani kwangu ni hivyo."

"Jana huo mwisho haukufika, afande. Tulikuwa tumeshalala chini kama samaki waliovuliwa."

Simu ya mpelelezi ililia. Alikuwa daktari wa hospitali ya pale gatini.

"Hawa wengine nimewaruhusu," daktari alisema. "Wametapika, wamekunywa maji, wamepata nafuu. Ile sumu ya panya wanayoisema haifanyi kazi hivyo. Ile inakaa mwilini kwanza, inakula taratibu. Hawa walianguka kabla sahani hazijaoshwa. Walikula nini?"

"Wali, mchuzi wa samaki, maharage."

"Maharage yapi?"

"Mekundu, yale makubwa."

"Yalichemka?"

"Mbona unauliza kama mama mkwe?"

Daktari alicheka kidogo. "Nauliza kama daktari. Maharage yale yana sumu yake yenyewe, na sumu hiyo inakufa kwa moto mkali tu. Ukiyaacha kwenye joto la kati yanalainika, unadhani yameiva, kumbe ndiyo yanazidi kuwa mabaya. Niliwahi kuiona shule nzima ya bweni imelala chini kwa sababu hiyo."

"Na Twiga?"

"Mguu haupati damu. Mpasuaji yuko njiani. Omba Mungu, afande."

"Naomba," alisema mpelelezi. Hakulisema kama neno la kufungia mazungumzo. Alifumba macho pale pale mbele ya nahodha, midomo ikacheza, kisha akayafumbua. "Nifungulie stoo."

Mpishi alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, mikono mapajani. Mabaharia walimwita Mama Ukoko, kwa sababu ukoko wa wali wake waligombania kama watoto. Alisimama mlango ulipofunguliwa.

"Kaa, dada," alisema mpelelezi, naye akajikalisha kwenye debe tupu. "Ni Mama Ukoko tu, au wana jina jingine?"

"Shemeji. Fundi wa injini ni mume wangu. Wao ni wenzake kazini, basi mimi ni shemeji wa boti zima." Tabasamu lilianza usoni mwake, halikumaliza safari.

"Niambie habari ya maharage ya jana. Niambie kama unamfundisha mtu asiyejua hata kuwasha kiberiti."

Mama Ukoko alivuta pumzi. Maharage aliyaloweka usiku kucha. Asubuhi alimwaga yale maji, akapika kwanza wali na samaki, akakaanga vitunguu, kisha akabandika maharage. Ila jana haikuwa siku ya kawaida. Walikuwa wanakwenda kukutana na tishari la mafuta katikati ya mto, wajaze tangi bila kusimama.

"Tishari la mafuta likija ubavuni, moto wote unazimwa," alieleza. "Ndiyo sheria. Nahodha anapiga honi, fundi anafunga gesi kule nyuma kwenye kizimba cha mitungi, mimi nalaza sufuria."

"Unailaza?"

Mama Ukoko alionyesha kwa mkono upande wa jikoni. "Lile sanduku la mbao pale chini ya meza, lenye mablanketi ndani. Naiingiza sufuria ikiwa inatokota, naifunika gubigubi kama mtoto mgonjwa. Inajiivisha yenyewe kwa joto lake. Wakati wa kula naitoa, napakua. Moto hauhitajiki tena."

"Lakini lazima iwe imeshatokota."

"Lazima. Itokote sana. Hilo hata binti yangu anajua."

"Na jana?"

"Maji yalikuwa yameanza kuimba. Nikaenda kutandika vitanda, maana na hiyo ni kazi yangu. Vyumba viko juu ya injini, ukiwa huko honi husikii, unasikia injini tu. Niliporudi, moto umezimika. Nikasema basi, tishari limefika. Nikalaza sufuria, nikarudi kumalizia vitanda."

"Hukufungua kifuniko? Hukuchungulia nje?"

"Nichungulie nini, afande? Moto ukizimika kwenye jiko lile, maana yake ni moja tu. Miaka yote haijawahi kuwa nyingine. Na kifuniko ukikifungua unaachia joto."

Mpelelezi alitazama viganja vyake. Vilikuwa na makovu ya zamani ya kuungua, yaliyopauka. "Sufuria uliishika na nini?"

"Na kitambaa."

"Kimoja?"

"Kimo..." Mama Ukoko aligeuza mikono. Akavitazama viganja vyake mwenyewe. "Siku zote nashika na viwili, na bado inanipata. Jana nilishika na kimoja, wala haikunichoma." Sauti yake ilishuka. "Na nilipoonja nilihisi yana ukakasi kidogo. Nikadhani ni mdomo wangu. Usiku nilitapika humu, peke yangu. Sikumwambia mtu, nani angeniamini?"

"Kizimba cha gesi kina kufuli?"

"Kina."

"Ufunguo anao nani?"

"Fundi."

Mara ya kwanza alikuwa amesema *mume wangu*. Mpelelezi aliliona hilo, akaliweka akilini.

"Afande," alisema Mama Ukoko ghafla, "andika ni uzembe wangu. Andika nilisahau kuyachemsha. Yaishe."

"Sasa hivi umeniambia maji yaliimba."

"Andika tu, mama."

"Sikuja hapa kuandika yaishe," alisema mpelelezi. Alifunga kalamu, akatoka.

Kwenye sitaha ya mbele alikaa baharia mwenye mabega mapana, akisuka upya kamba iliyokatika. Kazi yake ilikuwa kamba, na jina lake lilikuwa Kamba. Yeye peke yake kati ya waliokaa mezani hakuumwa, na nahodha alikuwa ameshamnong'oneza mpelelezi kwamba, kama si mpishi, basi ni huyu.

"Nimesikia mimi ni namba mbili," alisema Kamba bila kuinua macho.

"Mbona hukuumwa?"

"Sikula maharage."

"Kwa nini?"

"Mimi na maharage tuliachana kitambo, afande. Nalala chumba kimoja na wanaume wengine. Nililetewa malalamiko." Alivuta uzi kwa meno. "Nilikula wali na samaki. Samaki mtamu yule. Nikaongeza."

Mpelelezi alijizuia kucheka. Wali na samaki walipikwa moto huo huo, kwa mkono huo huo, na Kamba alikuwa mzima wa afya. Sumu haikuwa ya kutiwa. Lakini hilo halikumwondoa mpishi kwenye hatia. Lilimtoa kwenye uuaji, likamweka kwenye uzembe, na mtu bado angeweza kufa.

"Jana, kabla ya tishari la mafuta kuja, ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nimevuta kamba kutoka majini, glavu zimelowa chapachapa. Tulipokaribia kiwanda cha mbao niliona mvuke unatoka kwenye bomba la jikoni, nikaenda nikazianika juu yake kama kawaida. Shemeji akiwa na maharage motoni, glavu zinakauka hujamaliza hata kupiga miayo."

"Zikakauka?"

"Wapi! Nilipozifuata pale kwenye kona ya mto, nizivae nipokee kamba za tishari la mafuta, maji yalinichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Bomba lenyewe baridi. Nilizitukana."

Mpelelezi alisogea karibu. "Honi ilikuwa imelia?"

"Ndiyo kwanza inalia. Ndiyo iliyoniinua."

"Kutoka kiwanda cha mbao mpaka kwenye kona ni mbali?"

Kamba alifikiri. "Na mzigo ule tunaenda kama kobe. Mtu angefua nguo akazianika."

"Ulimwambia yeyote?"

Kamba aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nimwambie kwamba glavu zangu zimelowa? Niko mtoni, afande."

Mpelelezi alipanda ngazi mpaka kwenye usukani, akamuuliza nahodha swali moja tu: honi aliipiga wapi?

"Kwenye kona, nilipoliona tishari la mafuta."

"Si kabla?"

"Kabla nimpigie nani? Magugu maji?"

Alirudi jikoni peke yake. Aliwasha jiko kwa kiberiti chake mwenyewe. Moto ulitoka wa buluu, mrefu, ukivuma. Aliuacha uwake huku akienda nyuma kukagua kizimba: kufuli nzima, mtungi mmoja umeunganishwa, wa akiba bado una kifuniko chake cha plastiki. Gesi haikuwa imeisha. Hakuna aliyebadilisha mtungi. Alirudi akazima, akashuka kwenye injini.

Fundi alikuwa ameinama juu ya pampu, shati limefunguliwa mpaka tumboni. Ufunguo mdogo ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, na alijua.

"Afande. Nilidhani umeshaondoka naye."

"Hukuja kumuuliza hali."

"Nahodha amekataza watu kuzungumza naye."

"Jana mchana ulikula nini?"

"Mkate. Nilikuwa na kazi."

"Mkate? Siku mkeo kapika samaki anayesifiwa na Kamba?"

"Kamba anasifu sana."

"Gesi uliifungia wapi?"

"Honi ilipolia. Kwenye kona."

"Bomba la jikoni lilikuwa baridi tangu kiwanda cha mbao."

"Nani kasema?"

"Glavu. Zilianikwa juu ya mvuke, zikabaki mbichi mpaka kwenye kona."

"Labda gesi ilikatika."

"Kisha ikajirudisha? Nimewasha jiko sasa hivi. Moto wake unaweza kufua jembe." Aliunyooshea kidole ule uzi mweusi. "Na kufuli haina mkwaruzo. Aliyefunga alikuwa na ufunguo."

Fundi aliendelea kuifuta pampu mahali palepale, palipokwisha kung'aa. Mpelelezi alimwacha afute. Kwa uzoefu wake, mtu aliyekwisha kuchoka kunyamaza hahitaji kusukumwa.

"Nilitaka yawe mabichi tu," fundi alisema mwishowe.

"Endelea."

"Wayateme. Wamtukane. Walau siku moja waseme chakula kibaya, aone wanavyompenda. Ningejuaje kwamba yatawaangusha? Mimi ni mtu wa injini."

"Kwa nini?"

"Umewahi kuwasikia wakila?" Aligeuka, na uso wake mzuri ulikuwa umekunjika. "'Shemeji, ongeza. Shemeji, mkono wako una sukari. Shemeji, ukoko wangu uko wapi?' Shemeji, shemeji, huku wanazima taa!"

"Nani kazima taa?"

Fundi aliigeukia tena pampu.

"Nahodha?"

"Sijaona."

"Kamba? Twiga?"

"Sijasema nimeona! Nimeona anavyocheka nao. Anacheka mpaka anashika meza."

"Nyumbani hacheki?"

"Nyumbani alikuwa ananipikia mimi." Alilisema kama mtu anayetoa ushahidi mkubwa. "Mimi ndiye niliyemwombea kazi hii, afande. Nilisema tuwe pamoja. Kumbe nimemleta sokoni kwa miguu yangu. Wewe ni mwanamke, huwezi kuujua wivu wa mume."

"Nimeolewa, na nina mawifi. Wivu naujua mpaka ladha yake. Kutu hula chuma, wivu hula mwenye nao. Lakini wako haukukutosha wewe peke yako." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Ulimsikia Twiga akilia."

"Nilimsikia."

"Mkeo akafungiwa kwa sababu ya sumu ambayo hakuitia. Ukarudi kwenye pampu."

"Asingefungwa. Uzembe wa mpishi si jela, angefukuzwa tu. Tungerudi nyumbani."

"*Tungerudi*? Kazi yako iko hapa."

Fundi aliangalia chini. "Angerudi," alisema.

"Ulimwambia akiri?"

"Kupitia ukutani, jana jioni. Nilimwambia akisema alisahau, yataisha. Aliniuliza, 'Kwani ni wewe?' Nikamwambia asiulize. Akakubali. Ni mke wangu."

Mpelelezi alitoa pingu.

Daktari alipiga simu wakati wakiwa bado kwenye ngazi. Mpelelezi alisikiliza, akasema "Mungu ampe nguvu," akakata. Alimwacha fundi kwa askari aliyekuwa gatini, akarudi stoo. Safari hii aliuacha mlango wazi.

"Twiga ameamka," alisema. "Atapona. Lakini mguu wameukata, chini ya goti."

Mama Ukoko alishika gunia kwa mikono yote miwili. Kwa muda alitikisa kichwa tu, kama mtu anayemkatalia mwingine asiyeonekana. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ulipoandika kwamba nilisahau," alisema, "futa."

"Sikuandika."

"Basi andika sasa. Andika niliyabandika maharage, maji yakaimba. Andika sikuzima moto mimi." Alimgeukia mpelelezi. "Afande, alijua yatawadhuru?"

"Hapana. Alijua yataharibika."

"Alitaka niaibike mbele yao."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilidhani ananionea huruma," alisema Mama Ukoko. "Aliponong'ona pale ukutani sauti ilikuwa inatetemeka. Nilidhani analia kwa ajili yangu." Aliweka kidole pale alipotakiwa kutia sahihi, akaandika jina lake taratibu, kila herufi peke yake, akasimama.

Nje mabaharia waliorudi kutoka hospitali walikuwa wameketi juu ya marundo ya kamba, wamepauka, hakuna aliyejua aangalie wapi. Nahodha alivua kofia. "Shemeji," alianza, kisha akaona neno lenyewe halifai tena, akarekebisha: "Dada. Nisamehe. Nilikuona muuaji."

"Uliumwa, nahodha," alisema. "Mgonjwa huona mengi." Aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja. "Mmekula kitu tangu jana?"

Kamba peke yake alitikisa kichwa.

Aliingia jikoni. Ikasikika sauti ya maji, ya sufuria ikisuguliwa kwa nguvu, ya kisu kwenye ubao. Askari alipompandisha fundi kuchukua nguo zake chumbani, njia ilipita chini ya dirisha la jikoni. Harufu ya kitunguu ilikuwa imeanza kutoka. Fundi alisimama, na askari akamwachia asimame.

"Utawapikia?"

Mama Ukoko hakuinua macho kutoka kwenye ubao. "Wana njaa."

"Baada ya yote haya?"

"Hawakunikosea hawa."

Fundi aliangalia wale wanaume waliokaa juu ya kamba, kisha pingu zake, kisha mkewe. Mpelelezi, aliyekuwa nyuma yake, alisubiri neno la toba. Alikuwa ameliombea tangu asubuhi, kwa ajili ya wote wawili.

"Usicheke nao," alisema fundi.

Kisu kilisimama. Mama Ukoko alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Leo hakuna anayecheka humu," alisema, akafunga dirisha.